Binti ana EB na darasa linaenda ufukweni: jua tulifanyeje?

Shikamoo mama. Umeuliza kama binti yako wa miaka 13, ambaye ngozi yake huchubuka na kutoa malengelenge kwa sababu ya EB (epidamolisisi bulosa), aende na wenzake ufuo wa Jomo Kenyatta, na umnunulie losheni gani ya jua. Mimi nimezaliwa na EB simpleksi, mojawapo ya aina za EB, nimekulia Likoni. Aende. Ila losheni ndiyo jambo la mwisho la kuhangaikia. Jua linatudhuru, lakini msuguano na jasho vinatuwahi, na kinga nyingi za jua huumiza wakati wa kuzivaa, kuzipaka au kuzitoa.

Anza na saa. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na hata miezi mingine, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, miale ni mikali kuwe na mawingu kusiwe. Mfundishe atazame kivuli chake mwenyewe: kikiwa kifupi kumliko, aingie chini ya mti. Mvinje au mkungu unamfaa kuliko mwavuli mdogo, maana mchanga mkavu nao hurudisha miale, kama asilimia 15, ikampata usoni kutokea chini. Mwombe mwalimu wafike mapema, waondoke kabla ya adhuhuri.

Halafu nguo. Shati pana la pamba, mikono mirefu, alivae nje-ndani ili mishono isikae kwenye ngozi, na lebo ikatwe kabisa. Wenzake watamwambia amegeuza nguo. Kwa umri huo ana majibu yake. Zile nguo za kuogelea za kubana zinakinga jua vizuri sana, lakini zikilowa, kuzivua ni kuvuta ngozi pamoja nazo. Mimi sizivai. Pamba nyepesi nayo ikilowa hupitisha miale zaidi, kwa hiyo abebe shati la pili. Mabegani leso kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, si mpya yenye ukakasi wa dukani. Kofia ya ukili ina ukingo mpana mzuri, tatizo ni ule mzunguko wa ndani unaokwaruza paji la uso. Shonea hapo kipande cha fulana ya zamani, uzi na fundo vibaki upande wa nje. Miwani ya jua ivaliwe, bora isibane pua wala nyuma ya masikio.

Sasa losheni. SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, isiyo na manukato wala spiriti. Zenye zinki oksaidi ni pole kwa ngozi, lakini chagua iliyo nyepesi: ile nzito inang'ang'ania, na ukiisambaza kwa nguvu lengelenge limezaliwa. Iweke kiganjani ipate joto, kisha mguseguse kama unavyompima mtoto homa kwa kiganja, bonyeza na inua, usiburute. Rudia kila baada ya saa mbili na akitoka majini. Kwenye kidonda kibichi usipake. Hapo ni bandeji isiyonata na nguo juu yake. Zile sehemu zilizopona zikabaki nyeupe zikumbuke kwanza, zimepoteza rangi na huungua upesi. Jioni usimsugue kwa taulo wala dodoki: mafuta kwanza yalegeze losheni, halafu maji ya kumwagia. Mafuta ya nazi yanafaa kazi hiyo ya kutolea. Kukinga jua hayakingi, hata bibi aseme nini.

Joto lisikuponyoke. EB simpleksi huchachamaa kwenye joto na jasho, na Februari ya huku, kaskazi ikikatika, naweza kuota malengelenge nyayoni bila kukanyaga jua kabisa. Apumzike, anywe maji, abadilishe soksi. Kama mtapita feri, asishike vyuma vya pembeni mchana. Vimekaa juani, na mkisukumana mkono unakwama palepale.

Hujasema ana aina gani, na hilo lina uzito. Mwenye aina iitwayo EB ya Kindler huungua kwa jua dogo sana, huyo anahitaji tahadhari kuliko haya yote. Mwenye EB distrofiki, aina inayoacha makovu, hasa ile kali, yuko katika hatari ya saratani ya ngozi tangu ujanani, nayo mara nyingi huota kwenye vidonda sugu na makovu, hata palipofunikwa. Kidonda kisichopona, kinachonenepa au kilichobadilisha maumivu, daktari akione. Losheni haitasaidia hapo. Na kwa kuwa atakuwa anafunikwa daima, mwombe daktari ampime vitamini D.

Mwalimu mwandikie mistari michache: asivutwe mkono, asibandikwe plasta ya kunata kutoka kwenye kisanduku chao, aachiwe kofia na nguo zake. Shule niliyosoma walinivua kofia paredi kwa sababu haikuwa sare, hadi daktari alipoandika barua. Ipate barua hiyo kabla ya safari, na nakala akae nayo binti mwenyewe.