Mchumba, Mpenzi, Hawara, Mwenzi: Fomu Imwite Nani Vipi?

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya Busia, upande wa Uganda. Tumetafsiri kwa Kiswahili fomu ya maswali ya kliniki, kwa kuwa wengi wa madereva wa malori na wafanyabiashara wanaovuka mpaka huelewana nasi kwa Kiswahili tu. Mahali pa kueleza uhusiano wa mtu tuliandika: mume au mke, mchumba, rafiki wa kiume au wa kike, hawara. Mama mmoja, ambaye ameishi na baba wa watoto wake miaka tisa bila ndoa, alisomewa neno "hawara" akanyanyuka na kuondoka. Kamusi yasema hawara ni mtu mwenye mapenzi na mwenzake bila ya kuoana naye. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu mhudumu, mama huyo alikuwa na haki ya kukasirika, na kamusi yako nayo haikusema uongo. Kamusi hutoa maana ya neno, lakini si kila mara hutoa uzito wake masikioni mwa watu. Hawara ni neno linalosemwa juu ya mtu, aghalabu akiwa hayupo, hutamsikia kijana akimpeleka binti kwa wazazi wake na kusema, "Huyu ni hawara yangu." Ndani yake mna lawama, hasa lawama ya kuingilia ndoa ya mwingine. Kimada ni zito zaidi, kwa sababu humlenga mwanamke peke yake, aliyewekwa na mwanamume na kutunzwa naye. Mitaani Tanzania husemwa mchepuko, kutokana na kitenzi chepuka, yaani kuiacha njia na kushika ya kando, na Kenya husemwa mpango wa kando. Maneno haya yote yanadai kwamba ipo njia kuu, kwamba yupo mke au mume nyumbani anayekosewa. Kwa mama huyu hakuna njia kuu nyingine: mwanamume huyo ndiye wa nyumbani kwake.

Kiswahili kina namna ya kueleza hali yake bila kumhukumu. Husemwa kwamba wawili wanaishi kinyumba, au, kwa maneno yaliyo wazi zaidi, wanaishi pamoja kama mume na mke bila kufunga ndoa. Hapa naomba uwe mwangalifu na fomu zilizoandikwa Tanzania. Sheria ya Ndoa ya huko ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inatambua dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kuhesabiwa na watu kuwa mume na mke, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Uganda haina kanuni kama hiyo. Miaka tisa ya kupika chungu kimoja haimfanyi mtu kuwa mke mbele ya sheria yetu. Kwa hiyo neno "mke" likiandikwa ovyo katika karatasi ya Busia, laweza kumpa mama huyo matumaini ambayo mahakama haitayatimiza.

Sasa mchumba, neno ambalo Waganda tunalitumia vibaya kuliko yote. Wanafunzi wangu hapa Kampala hulitumia kwa kila kijana anayetoka na binti, na hata vyombo vya habari siku hizi huandika "wanachumbiana" kwa watu waliojuana mwezi uliopita. Naelewa lugha inakwenda, lakini nadhani hapa tunapoteza kitu chenye thamani. Mchumba ni mtu aliyeahidiana na mwenzake kuoana, na ahadi hiyo ina mashahidi: pana posa, pana barua, pana kishika uchumba kinachopokewa na wazee. Mzee wa pwani akiambiwa kwamba binti fulani ni mchumba wa fulani, atauliza siku ya harusi. Ukitaka kuliweka neno hili katika mila za Buganda, nafasi yake ni baina ya kukyala, pale kijana anapokwenda kujitambulisha kwa ssenga, yaani shangazi wa binti, na kwanjula, siku ya kutambulishwa rasmi kwa ukoo wote. Baada ya kwanjula na mahari kupokewa, wengi humhesabu binti kuwa mke wa mtu, hata kama kanisani hawajafika, na kumwita mchumba wakati huo ni kumshusha.

Na mahari nalo si neno jepesi. Kwa Mwislamu wa Mombasa au Zanzibar, mahari ni haki ya mke mwenyewe. Kwa familia nyingi za Uganda, ng'ombe na fedha huenda kwa wazazi wake. Neno ni moja, mpokeaji si mmoja, na ndiyo sababu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uganda ya mwaka 2015, iliyosema kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba, yahitaji maelezo kidogo kwa msomaji aliyezoea mahari ya pwani.

"Rafiki wa kiume" uliondoe kabisa. Kwa Kiswahili, rafiki wa kiume ni rafiki ambaye ni mwanamume, basi. Mwanamke mwenye marafiki watano wa kiume ofisini atakujibu "watano", nawe utaandika jambo ambalo hakulisema. Neno letu ni mpenzi, na halina kosa lolote pale ambapo mapenzi yapo. Lakini kliniki haiulizi mapenzi. Dereva aliyelala na mtu usiku mmoja na kumlipa hatamwita mpenzi, na ukimuuliza juu ya wapenzi wake atamtaja mmoja tu aliyeko nyumbani, naye hatakuwa amekudanganya. Muulize waziwazi, kwa heshima: "Katika miezi mitatu iliyopita, umefanya ngono na watu wangapi?" Ngono ni neno kavu, na wapo watakaoinamisha macho, ila halina fumbo, "kukutana kimwili" ni la adabu zaidi na laweza kufuata kama maelezo.

Kwa mambo mengine yote, neno ninalolipendekeza ni mwenzi. Halitaji jinsia, halitaji cheti, halilaumu. Zingatia tu kwamba likiungana na kimilikishi hubadilika: mwenzangu ni yeyote aliye nami katika jambo, awe mfanyakazi au msafiri, ilhali mwenzi wangu, yakitamkwa mbalimbali, siku hizi hueleweka kuwa ni yule ninayeshirikiana naye maisha. Katika fomu andika "mwenzi wako", usiandike "mwenzako". Wapo wanaopenda "mwenza". Mimi hulikwepa hapa kwetu kwa sababu mke mwenza ni mke wa pili au wa tatu wa mume mmoja, na mitala, yaani ndoa ya wake wengi, inaruhusiwa Uganda katika ndoa za kimila na za Kiislamu. Mwanamke aliye katika nyumba ya namna hiyo akisikia "mwenza wako" anaweza kukujibu habari za mwenzake wa kike.

Jambo la mwisho hukuliuliza, lakini karatasi zako zitakutana nalo. Shoga, kwa wanawake wa pwani, ni jina la kuitana kwa upendo, rafiki wa siri na wa shida. Kwingineko limekuwa tusi kwa mwanamume anayependa wanaume. Nchini mwetu, ambako sheria ya mwaka 2023 imeweka adhabu kali sana kwa mahusiano ya jinsia moja, neno lililoandikwa kando ya jina la mtu laweza kumtia hatarini. Usiliandike, wala yale mengine makali zaidi. Mgonjwa apewe neno mwenzi, nalo litamtosha.

Swali lako la kwanza, nadhani, lasema "Umeoa?" Kiswahili, kama Luganda yenye kuwasa na kufumbirwa, hutenganisha: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Badala ya kuandika vyote viwili, uliza, "Je, uko katika ndoa?" Kisha, kwa anayejibu hapana: "Je, una mwenzi unayeishi naye?" Mama wa miaka tisa atajibu ndiyo.