Mkojo Ulipona, Korodani Ikaendelea Kuuma

Ilikuwa mwezi wa nne, katikati ya mvua za masika, nilipoanza kupata mkojo unaochoma kama pilipili na kuamka mara tano kwa usiku mmoja. Siku ya tatu ilikuja homa ya kutetemeka, na siku iliyofuata korodani ya kushoto ilivimba, ikawa nzito na ya moto, kiasi kwamba nilipopanda daladala kutoka Mbagala kwenda kazini Kariakoo nilisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Nilipewa antibiotiki za siku 14 na nikazimaliza. Homa iliondoka, mkojo ukaacha kuchoma, uvimbe ukapungua. Maumivu ya korodani ndiyo yaliyobaki, na yalikaa nami miezi minane.

Namwandikia mwanamume aliyemaliza dozi, akaambiwa amepona, na bado kila asubuhi anajigusa kwa hofu kuona kama pale mahali pameacha kuuma. Najua jinsi jambo hili linavyomfungia mtu mdomo. Ukiumwa jino utamwambia hata kondakta, lakini ukiumwa korodani unavumilia peke yako, na katika uvumilivu huo ndipo makosa mengi hufanyika.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuamini kwamba maumivu yakiwepo, basi wadudu nao wapo. Katika mitaa yetu neno "UTI sugu" limezoeleka mno, na karibu kila anayelitamka ana dawa ya kukuuzia. Nilikwenda zahanati moja ya binafsi, nikapimwa mkojo kwa darubini, nikaambiwa kuna chembe chache za usaha, nikachomwa sindano siku tano. Wiki tatu baadaye nilinunua famasi, bila cheti, antibiotiki iitwayo sipro. Baada ya hapo nikanunua tena. Hakuna hata mara moja mkojo wangu ulipooteshwa maabara ili kujulikana kama kuna kimelea, ni kimelea gani, na kinauawa na dawa ipi. Katika dozi ya tatu nilianza kusikia maumivu kwenye mshipa mnene ulio nyuma ya kifundo cha mguu, juu kidogo ya kisigino, hata kupanda ngazi za ofisini kukawa kazi. Baadaye nilielezwa kwamba kundi la dawa ambamo sipro imo linafahamika kwa kuweza kudhuru mishipa hiyo inayounganisha misuli na mfupa, na kwamba anayeitumia akisikia maumivu ya namna hiyo anapaswa kuiacha na kumrudia daktari mara moja. Nilikuwa nimejiongezea ugonjwa wa pili kwa kuufukuza wa kwanza ambao tayari ulikuwa umeondoka.

Mjomba wangu kwa upande wake aliniambia, "Mwanangu, hiyo ni ngiri," akaniletea mizizi ya kuchemsha. Alinipa kwa upendo, nami nilimshukuru kwa upendo, lakini sikuinywa. Hapa Pwani kila kinachouma chini ya kitovu cha mwanamume huitwa ngiri au mshipa, na hilo lina hatari yake, kwa sababu chini ya majina hayo yamo magonjwa yasiyofanana hata kidogo: yupo ambaye utumbo umeshuka kupitia tundu la kinena, yupo mwenye maji yaliyojaa kuzunguka korodani, ambalo ndilo busha, na yupo mwenye maambukizi kama yangu. Wa kwanza na wa pili mara nyingi huhitaji upasuaji, na wa tatu huhitaji dawa. Jina moja kwa wote watatu linawachelewesha wote.

Nilipofika hatimaye kwa daktari wa mfumo wa mkojo katika hospitali ya rufaa, hakuandika dawa kwanza. Alichukua kalamu, akachora yai nyuma ya karatasi ya vipimo, kisha nyuma ya yai akachora kitu kilichojikunja kama uzi wa cherehani uliofumuliwa na kubanwa kiganjani. Akasema huo ni mrija uitwao epididimisi, ambamo mbegu hukomalia, na kwamba mwembamba vile ulivyo, ukinyooshwa unafika kama mita 6. Wadudu waliokuwa kwenye mkojo walipanda kinyumenyume kupitia mrija wa mbegu hadi kufika pale. Mrija wenye kona nyingi namna ile ukivimba, alisema, hauwezi kurudi katika hali yake kwa siku ambazo dawa huchukua kuua wadudu. Uvimbe na ugumu unaweza kukaa wiki kadhaa, pengine miezi, wakati mkojo umeshakuwa safi.

Kisha akanipima kwa utaratibu. Mkojo ulioteshwa, na haukuota kitu. Altrasaundi ilionyesha kwamba damu inapita vizuri kwenye korodani, hakuna jipu, hakuna uvimbe wa kutiliwa shaka, ila epididimisi ya kushoto ilikuwa nene kidogo. Aliuliza pia kuhusu magonjwa ya zinaa bila kunihukumu, kwa kuwa klamidia na kisonono ndizo sababu za kawaida zaidi kwa vijana wanaofanya ngono, na mtu akikutwa nazo mwenzi wake lazima atibiwe pamoja naye, la sivyo wataambukizana upya. Kwa wenye umri mkubwa hutazamwa tezi dume, kwa sababu mkojo usiotoka wote kwenye kibofu huwa makao ya wadudu. Sukari ilipimwa. Aliniuliza kama nimewahi kukohoa muda mrefu au kukaa na mgonjwa wa kifua kikuu, kwani kifua kikuu huweza kushambulia epididimisi bila mtu kukohoa, na aliniuliza kama nimewahi kukojoa damu, kwa sababu ya kichocho. Ninayataja haya yote ili msomaji ajue vipimo vya kuulizia. Mtu ambaye mkojo wake haujaoteshwa na hajafanyiwa altrasaundi bado hajui anaumwa nini, hata awe amekunywa dozi sita.

Naomba nisimame hapa kwa ajili ya kijana atakayesoma haya akiwa na maumivu yaliyoanza leo. Korodani ikiuma ghafla na vikali, ikiwa imepanda juu au imekaa kwa mshazari, na hasa ukitapika au kusikia kichefuchefu, usisubiri kupambazuke na usinunue dawa ya maumivu. Huenda imejisokota na kujikatia damu, na nafasi ya kuiokoa ni nzuri zaidi ndani ya saa 6 za mwanzo. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huohuo, hata kwa bodaboda. Vivyo hivyo homa ikirudi, usaha ukitoka, mkojo ukiziba, au ukigusa kinundu kigumu kwenye korodani, hata kama hakiumi, hali yako si hii ninayoizungumzia na unahitaji kuonwa upesi.

Tuliporudi kwenye hali yangu, swali nililokuwa nalo lilikuwa moja: kama hakuna wadudu, kinachouma ni nini? Jibu lake ndilo lililoniponya nusu. Mishipa ya fahamu iliyokaa kwenye uvimbe kwa wiki nyingi hubaki na wepesi wa kushtuka, ikawa inapeleka habari ya maumivu kwa kuguswa tu na nguo. Tena korodani za mtoto huumbwa juu, karibu na figo, kisha hushuka kabla hajazaliwa zikiburuta mishipa yake ya fahamu pamoja nazo, na ndiyo maana jiwe la figo huweza kuuma hadi kwenye korodani, na korodani nayo huweza kuuma hadi tumboni na kiunoni. Juu ya hayo, mtu anayeogopa maumivu hukaza misuli ya nyonga mchana kutwa bila kujua, na misuli hiyo iliyokazwa huuma yenyewe. Maumivu yakizidi miezi mitatu huhesabiwa kuwa ya kudumu na hutibiwa kama ugonjwa unaojitegemea. Nilipolielewa hilo niliacha kutafuta dozi ya tano.

Yaliyonisaidia yalikuwa mambo madogo yaliyofanywa kila siku. Niliacha bukta pana nikavaa chupi ya kubana inayoinua korodani zisining'inie, na tofauti niliisikia siku ileile. Usiku nilikunja taulo dogo, nikaliweka chini ya korodani nikiwa nimelala chali. Katika siku za mwanzo za uvimbe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 10 hadi 15, ilipunguza moto. Isiwekwe juu ya ngozi tupu. Miezi ya baadaye maji ya uvuguvugu yalinifaa zaidi, nikakaa kwenye beseni jioni hadi misuli ilegee. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kuvuta pumzi hadi tumbo lijae na kuiachia nyonga kama mtu anayeanza kukojoa, na mwanzoni niliona ni jambo dogo mno kwa maumivu makubwa namna ile, lakini baada ya wiki tatu nilikuwa naweza kukaa saa nzima bila kubadilisha mkao.

Kukaa ndiko kulikonitesa. Kazi yangu ni hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, na siku za kufunga mwezi huwa sinyanyuki. Nilimweleza mwajiri wangu kwamba natibiwa na kwamba daktari ameagiza nisimame kila baada ya nusu saa. Hakuuliza ni ugonjwa gani, wala sikulazimika kumwambia. Joto la Dar es Salaam nalo lina sehemu yake. Mtu anatoka jasho kutwa, anajinyima maji kwa sababu choo cha karibu ni cha kulipia au ni kichafu, mkojo unakuwa mzito na wa njano, kisha anashangaa maambukizi yanaporudi. Naamini wengi wa madereva na wafanyabiashara wetu huugulia hapo. Mimi nilianza kubeba chupa yangu ya maji, na nikaacha kabisa kuzuia mkojo. Nililinda pia choo kikubwa kisiwe kigumu, kwani kujikamua kuliyaamsha maumivu.

Kuhusu dawa, nilitumia ibuprofeni kwa siku chache tu kila ilipobidi, tena baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu amuulize daktari kwanza. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu nilipewa amitriptilini kwa kipimo kidogo, kidonge cha usiku, ambacho hunifanya nikauke mdomo na kulala usingizi mzito. Wapo ambao hawasaidiki na hayo, nao daktari bingwa huweza kuwachoma ganzi kwenye kamba inayoshika korodani, na wakipata nafuu kwa ganzi hiyo huweza kufikiriwa upasuaji wa kukata vijishipa vya fahamu. Kuondoa korodani ni hatua ya mwisho kabisa, na hata baada yake wapo wanaoendelea kuumwa, kwa hiyo asiikimbilie mtu kwa hasira.

Miezi mitatu nilimkwepa mke wangu kitandani bila kumweleza sababu, naye akadhani nimepata mwingine. Usiku niliomwambia ukweli alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ungeniambia mapema, baba watoto, tungelia pamoja." Yeye ndiye aliyeanza kunikumbusha taulo la usiku. Daktari alikuwa ameturuhusu kukutana baada ya tiba kukamilika, na tulipofanya hivyo bila haraka haikuwa vibaya kama nilivyoogopa. Hofu ya kutopata tena mtoto nayo niliipeleka kwa daktari. Maambukizi ya upande mmoja yaliyotibiwa kwa kawaida hayamfanyi mtu kuwa tasa, na anayetaka kupima mbegu ni vyema asubiri kama miezi mitatu baada ya kupona, kwa sababu mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na kipimo cha mapema kitamtisha bure.

Nilikuwa pia na daftari dogo ambamo kila usiku niliandika maumivu kwa namba, kuanzia 0 hadi 10, na nilichofanya siku hiyo. Siku moja moja haikuonyesha kitu, lakini nilipolirudisha nyuma baada ya wiki nane niliona kwamba 7 zilikuwa zimekuwa 4, jambo ambalo mwili wangu haukuwa umeniambia.

Sasa maumivu hunijia mara moja au mbili kwa mwezi, hasa nikipanda bajaji kwenye barabara yenye mashimo au nikifunga hesabu hadi usiku. Yakija navaa chupi yangu ya kubana, nakunywa maji, nakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na nalala mapema na taulo langu. Kesho yake au keshokutwa huwa yameondoka, nami huwa sijapita famasi.