Naenda Ufaransa kuvua karpu, nibebe chambo gani?

Maswali ya wasomaji, anajibu Mjomba Ndoana

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi kijana wa Tanga, sasa hivi niko Coventry, Uingereza, nafanya kazi ghalani. Nimekulia Sahare navua kwa mshipi wa mkono, chambo changu kamba, ngisi au dagaa, basi. Sasa wenzangu watatu wa kazini, Waingereza, wamenialika mwezi wa tano twende Ufaransa wiki nzima kuvua karpu kwenye ziwa la kukodi huko Champagne, tunavuka na feri ya Dover tukiwa na gari. Kila mmoja wao anabeba kilo 20 za boili (vidonge vya chambo vya unga uliokandwa na kuchemshwa) na wanataka na mimi ninunue hivyo hivyo, nimeangalia bei nikashika kichwa. Nawaza nibebe gunia dogo la mahindi makavu, halafu mama kaniletea unga wa dagaa kutoka nyumbani, naweza kuutumia? Na hizo boili ni lazima kweli?
Msomaji, Coventry

JIBU: Marahaba mwanangu. Weka pochi mfukoni kwanza, usinunue kitu. Swali la chambo wengi wanalianzia dukani, wakati inatakiwa ulianzie kwa mwenye ziwa. Mwandikieni leo mumuulize boili za kutoka nje zinaruhusiwa au ni zake tu, mbegu zinaruhusiwa au hapana, na kama zinaruhusiwa nani anazipika. Maziwa mengi ya kukodi Ufaransa yamekataza karanga na tiganati (viazi vidogo vya jamii ya ndago) kabisa, mengine yanakubali mbegu zile tu alizochemsha mwenye ziwa mwenyewe, na ukikutwa na zako unafukuzwa na hela hurudishiwi. Wana sababu, nitakueleza.

La pili ni mpaka. Tangu Januari 2021 Uingereza ilipotoka kwenye soko la Ulaya, msafiri anayetoka huko kuingia Ufaransa haruhusiwi kubeba nyama wala maziwa wala vitu vilivyotengenezwa navyo, na boili nyingi, hasa zile za bei, ndani zina unga wa maziwa. Jamaa zako wakifika forodhani na kilo 60 kwenye buti wanaweza kuziacha palepale. Soma kifuko nyuma, ukiona neno maziwa au kaseini (protini ya maziwa) iache. Mimi siku hizi naagiza kwa mwenye ziwa au duka la hukohuko, nazikuta zinanisubiri, gari linabaki jepesi. Na unga wa mama, mwanangu, huo tia kwenye mchuzi wako Coventry, usiende kuanza kujieleza na mfuko wa unga usio na lebo mbele ya afisa wa forodha.

Sasa tuje kwa samaki mwenyewe, maana ukimjua huyu hutasumbuliwa na maduka. Karpu hana tumbo la kusagia chakula kama tulilonalo sisi, chakula kinapita moja kwa moja kwenye utumbo. Mdomoni hana meno, meno yake yako kooni, mapana kama magego, ndiyo anavunjia konokono na kome. Na hang'ati kama changu wa Sahare anayekuvuta mkono ukaruka. Yeye anatembea chini anapapasa matope na ndevu zake nne, akikuta kitu anakifyonza, anakionja, asipokiamini anakitema, yote hayo kabla hujamaliza kupiga miayo. Ndiyo maana wenzako hawachomi chambo kwenye ndoana. Wanakitunga kwenye uzi mwembamba unaoning'inia nyuma ya ndoana, wenyewe wanauita unywele, ndoana inabaki tupu. Samaki anafyonza vyote viwili, akija kutema chambo ndoana inakamata mdomo wa chini, tena pazuri penye nyama. Mtindo huu walioubuni ni Waingereza wawili, Len Middleton na Kevin Maddocks, na uliibadilisha kabisa kazi hii, kwa sababu chambo kigumu ambacho zamani hukuweza kukichoma sasa unakitunga tu.

Hizo boili zenyewe usiziogope jina. Ni unga, mara nyingi ngano ya semolina na soya na unga wa samaki, unakandwa kwa mayai, kama sita kwa nusu kilo, unaviringwa viduara kama kaimati, unachemshwa dakika moja au mbili ngozi ikaze, unaanikwa. Basi. Faida yake ni hiyo ngozi. Ufaransa kuna kambare wadogo weusi, asili yao Amerika, wako kwa mamia kwenye maziwa mengi na chambo laini wanakimaliza kabla karpu hajasogea, unaona fimbo inatikisika tik tik tik, unavuta, uzi mtupu. Hapo mkate na ugali havikai, boili ngumu ya milimita 18 au 20 inakaa, na tiganati inakaa zaidi (ukiving'ata vitamu kama nazi changa). Kwa hiyo lazima siyo neno langu, lakini kwa ziwa lenye kambare hao kilo chache za boili zina kazi yake.

Kilo 20 kwa mtu ni nyingi. Mkiwa wanne hivyo mnamwaga kilo 80 ziwani ndani ya wiki moja, na kama samaki hawali zote zinaoza chini na maji yanaharibika. Mwezi wa tano maji ndiyo yanaanza kupata joto, karpu anakula ila bado siyo sana, na wakati mwingine anafikiria kutaga kuliko kula. Mimi ningeagiza kilo 6, na mahindi ya kuchemsha kilo 5 kama mwenye ziwa ameruhusu, na makopo matatu manne ya mahindi matamu. Siku ya kwanza tupa kiganja kimoja tu kuzunguka ndoana, ukae, uangalie. Ukipata samaki ongeza kidogo. Usipopata usiongeze, hama. Watu wanakosea hapo, wasipopata ndio wanazidi kumwaga. Na maji yakiwa ya baridi epuka boili zenye mafuta mengi ya samaki, mafuta yanaganda na harufu haitoki, hizo ziache za kiangazi.

Mahindi makavu, sasa, na ile sababu ya wenye ziwa kukataza mbegu niliyokuahidi. Hapa nisikilize vizuri maana ndiyo sababu nimejibu barua yako kabla ya zote. Mahindi makavu usiyatupe majini KAMWE. Chukua punje moja, pima kwa jicho, itie kwenye glasi ya maji usiku, asubuhi iangalie ilivyovimba. Sasa fikiria punje mia zinavimba ndani ya utumbo wa samaki asiye na tumbo. Niliwahi kuopoa karpu mmoja kwenye ziwa dogo la kusini mwa Ufaransa, tumbo gumu kama mpira uliojazwa upepo, hakupigana hata kidogo, nikamweka majini akakaa ubavu. Kuna mtu alipita hapo wiki iliyotangulia akamwaga mbegu kavu. Roho iliniuma na bado inaniuma. Basi loweka saa 24 mpaka 48, chemsha nusu saa, punje ikipasuka kwa ukucha imeiva, iache ipoe kwenye maji yake yaleyale, huo utelezi wake ndio harufu yenyewe. Tiganati vilevile, loweka siku nzima na uchemshe nusu saa au zaidi.

Kitu kingine nilichojifunza kwa hasara, boili za kwenye friza. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba kilo 10 zilizogandishwa, nikaziacha kwenye buti ndani ya mifuko ya plastiki, siku ya tatu nafungua zimeota ukungu mweupe kama pamba na zinanuka siki. Zote nikazitupa. Kama huna friza huko chukua zile zilizotiwa dawa za kuhifadhi, au zianike kivulini kwenye mfuko wa wavu upepo uzipige, zinakauka ngumu na zinafika mwisho wa wiki.

Na kama unaogopa kuaibika mbele ya wenzako kwa chambo cha bei rahisi, mwaka 1952 Richard Walker alivua karpu wa pauni 44, karibu kilo 20, kwenye bwawa la Redmire huko Herefordshire, akavunja rekodi ya Uingereza, akapelekwa akiwa hai bustani ya wanyama ya London. Namaanisha samaki. Chambo kilikuwa mkate. Mwaka 1980 bwawa lilelile Chris Yates akavua wa pauni 51 na nusu, kwa mahindi matamu, yale ya kopo. Wakikucheka na makopo yako waambie hayo.

SWALI: Mjomba, mimi niko Naivasha, huku karpu tunamvua kwa ugali na anakuja vizuri sana. Mbona wazungu wanajisumbua hivyo?
Msomaji, Naivasha

JIBU: Uko sahihi ndugu yangu, ugali mgumu uliosongwa vizuri ni chambo halali kabisa, na ukitia asali kidogo ndio zaidi. Lakini karpu wenu ni wengi, walionekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wakazaliana mpaka wakawa ndio samaki wengi kwenye nyavu, na hawajazoea ndoana. Yule wa ziwa la kukodi Ufaransa ameshanaswa na kurudishwa mara nyingi, wengine wana majina, akiona donge jeupe peke yake chini anazunguka anaondoka. Halafu ninyi mnampeleka sufuriani, kule anarudi majini, unamlaza kwenye godoro lililoloweshwa, mikono yako nayo uiloweshe, picha moja, arudi.

SWALI: Nikitaka kuvua ziwa la umma kama Lac du Der, je, chambo changu kilekile? Na usiku?
Msomaji, Brussels

JIBU: Kwanza kata kibali chao, carte de pêche, kinapatikana mtandaoni hata cha wiki. Usiku karpu anavuliwa sehemu zile tu zilizotengwa na mkoa, na mara nyingi sheria inataka chambo cha asili ya mimea, kwa hiyo mahindi yako yaliyochemshwa ndiyo salama, boili za samaki ulizia kabla. Karpu wa usiku huruhusiwi kumweka kwenye mfuko mpaka asubuhi, na karpu hai anayezidi sentimita 60 mvuvi wa kujifurahisha haruhusiwi kumsafirisha. Der ni kama hekta 4,800, ukifika usianze kutupa chambo, panda kwenye ukingo uangalie maji hata saa mbili, ukiona samaki anaruka au matope yanapanda, hapo ndipo pa kutupia.