Kijana wa kidato cha tatu anataka chelo: kuna maisha huko?

Mkuu wa Uyole, nimeona swali lako kwamba kijana wako amekataa gitaa, anataka chelo (ile fidla kubwa inayopigwa kwa upinde ukiwa umekaa), na unauliza kama mtu anaweza kula kwa kazi hiyo. Naona wadau wamekushauri umnyime simu yaishe. Mimi napiga chelo, naishi hapa hapa Mbeya, na ndiyo inayosomesha wanangu, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Unasema kilichomteka ni ile video ya harusi ya Harry na Meghan, Mei 2018. Yule mpigaji, Sheku Kanneh-Mason, alikuwa na miaka 19. Miaka miwili nyuma yake, 2016, alikuwa ameshinda BBC Young Musician, shindano la wanamuziki vijana wa Uingereza, mweusi wa kwanza kulishinda tangu lianze 1978. Habari yake watu huishia hapo. Mimi huwaambia wazazi waangalie Jumamosi zake. Tangu ana miaka 9 alikuwa anapanda treni kutoka Nottingham hadi London kila Jumamosi, kwenda kwenye masomo ya watoto ya chuo cha muziki cha Royal Academy of Music. Kwao wako saba na wote wanapiga vyombo, na mama yao aliacha uhadhiri wa chuo kikuu. Zile dakika chache za kanisani zililipiwa na nyumba nzima. Ndiyo maana mzazi akiniuliza habari ya kipaji, mimi namuuliza habari ya mwalimu: nani atamwona huyu mtoto kila wiki, na kwa muda gani?

Hata wakubwa wenyewe hawakukimbia. Pablo Casals, mpiga chelo maarufu wa Hispania, aliokota nota za chelo za Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani, kwenye duka la vitu vilivyotumika Barcelona akiwa na miaka 13, akazifanyia mazoezi miaka 12 ndipo akathubutu kuzipiga mbele ya watu.

Sasa ulaji. Ulaya wapiga chelo wengi hawajulikani majina. Wanakaa katika kundi la chelo la okestra, na nafasi yenyewe mara nyingi wanaipata kwa usaili wa kupiga nyuma ya pazia ili majaji wasione ni nani. Hapa kwetu mimi sijakutana na okestra inayolipa mshahara wa mwezi. Nakula kwa kufundisha, kwa harusi, na kwa studio. Harusini usitegemee Bach: bibi harusi anaingia, MC anataka pambio analolijua kila mtu, nawe unalipiga polepole, kwa sauti ya chini, mpaka mama mzazi anatoa leso. Studio za injili wana sauti za nyuzi zinazotolewa na kinanda tayari, ila prodyuza mwenye masikio akishaweka chelo moja halisi juu yake, mara nyingi anapiga simu tena.

Kijana wako ana mtaji ambao huenda huujui. Umesema anaimba kwaya. Chelo haina vikato shingoni, vile vyuma vya kuonyesha pa kubonyeza, kama gitaa. Kidole kikikosea kidogo tu, sauti inakwenda kombo, na anayekusahihisha ni sikio. Watoto waliokulia sol-fa za kwaya zetu wanasikia upesi kosa hilo. Kitakachomsumbua ni kusoma nota za mistari, hasa ufunguo wa besi, ile alama ya sauti za chini, lakini hilo ni suala la muda.

Gharama kubwa, mbali na chombo, ni hali ya hewa yetu. Kuanzia Juni ukavu wa huku unazifanya mbao zinywee: vigingi vya kukazia nyuzi vinalegea, unalala nyuzi ziko sawa, asubuhi zote zimeshuka. Vigingi vikiteleza napaka chaki, masika vikikwama napaka sabuni kavu. Ndani ya boksi naweka kisahani cha sabuni chenye matundu, kina sponji yenye unyevu. Ubao wa mbele ukipasuka, fundi wa maana ni safari. Na safari yenyewe ni shughuli, maana kondakta wa basi la Dar akiona lile boksi anakuonyesha buti. Mimi nalikatia siti, kama wenzetu wanavyofanya kwenye ndege. (Ulimbo wa kupaka upinde, kwa taarifa yenu, unatokana na utomvu wa misindano. Nasi tunapita shamba la misindano la Sao Hill kila siku tukiagiza wa nje.)

Asiache shule. Akimaliza, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kule Usa River, Arusha, wana shahada ya muziki, na Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, iliyoanza 2002. Usishangae Zanzibar: vikundi vikubwa vya taarabu kama Culture Musical Club vimetumia chelo pembeni ya fidla muda mrefu, kwa hiyo wapo wanaoijua kwa mapigo ya kwetu.

Usinunue chombo sasa hivi, hasa hivi vya bei poa vya mtandaoni ambavyo daraja lake, kile kibao kinachoinua nyuzi, halijachongwa. Nina kimoja cha wanafunzi. Nitumie ujumbe, likizo ya Juni umlete, wiki za mwanzo atashika upinde tu na kupiga nyuzi tupu, bila kuzibonyeza. Kucha za mkono wa kushoto aje amezikata.