Valvu za redio ya babu
Mkuu, kabla hujaagiza valvu zote tano (zile taa za kioo za ndani) za redio ya marehemu babu, tulia kwanza. Bei zinapandishwa na wapiga gitaa: valvu aina ya ECC83 na EL84 wanazigombea kwa ajili ya amplifaya zao, ingawa mpya bado zinatengenezwa Urusi na Slovakia. Aina ya ECH81 wao hawaihitaji, kwa hiyo ya zamani unaipata kwa bei ya kawaida tu. Halafu mara nyingi kinachokufa ni kapasita (kile kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji), si valvu. Redio ya kwetu hapa Kirumba ilikuwa inanguruma tu. Fundi akabadilisha kapasita mbili, tukangoja kama nusu dakika valvu ziwake rangi ya chungwa, sauti ikaja. Na ile harufu ya vumbi linaloungua! Ila usiingize mkono ndani ikiwa kwenye umeme, humo volti zinapita 200.