Maswali na Majibu: Msamaha wa Dola 10,000 Si Dola 10,000

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kodi ya nyumba katika Kaunti ya Cook, yaani Chicago na vitongoji vyake, jimbo la Illinois. Zilizofanana nimeziunganisha. Walioandika "mbona kodi ni kubwa hivi?" bila kusema nyumba iko wapi wala barua yao inasemaje, sina la kuwajibu.

Barua ya uthamini inasema nyumba yangu imepanda kutoka dola 240,000 hadi 300,000. Hiyo ni robo nzima. Na kodi itapanda robo? (Rogers Park)

Inaweza kupanda, inaweza kubaki palepale, inaweza hata kushuka. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi na nitalijibu tena, kwa sababu ndilo linalowapotosha watu wengi zaidi.

Fikiria mchango wa harusi. Kamati imekaa, bajeti imepita, ukumbi umelipiwa kianzio. Kilichobaki ni kugawana: nani atatoa ngapi. Kodi ya nyumba Illinois huenda hivyohivyo. Shule, jiji, kaunti, maktaba, bustani, kila chombo kinapitisha kwanza kiasi kinachokitaka. Kisha jumla hiyo inagawanywa kwa wenye mali kufuatana na thamani ya mali zao. Barua ya uthamini haikuambii bajeti ya harusi. Inakuambia tu kwamba kamati imekuona una uwezo kiasi gani ukilinganishwa na wenzako.

Basi kama jiji zima limepanda robo, na bajeti haikuongezeka, fungu lako halijabadilika. Ukipanda wewe robo na wenzako wakapanda sehemu ya kumi, hapo umepatikana. Na kama wachangiaji wakubwa wamekuja kusema biashara mbaya wakapunguziwa, pengo linazibwa na ninyi wadogo. Kaunti ya Cook, kabla ya kutoza, huhesabu nyumba za kuishi kwa asilimia 10 ya thamani ya soko, na majengo ya biashara kwa asilimia 25. Ofisi za katikati ya jiji zikiporomoka thamani, mzigo unahamia majumbani. Ndicho kilichotokea kwenye bili za kodi ya 2024. Waliopigwa zaidi hawakuwa matajiri wa ufukweni mwa ziwa. Walikuwa watu wa mitaa kama West Garfield Park na North Lawndale.

Kwa hiyo usiitazame barua yako peke yake. Tafuta nyumba tano sita za mtaa wako zinazofanana na yako kwa ukubwa na umri, uone zimewekewa ngapi. Kumbukumbu hizo ziko wazi kwa kila mtu mtandaoni.

Nimepewa msamaha wa mwenye nyumba wa dola 10,000, lakini bili imepungua kama dola mia saba tu. Nani kanidhulumu? (Skokie)

Hakuna aliyekudhulumu. Elfu kumi hizo haziondolewi kwenye kodi, zinaondolewa kwenye thamani inayotozwa kodi. Chukua kalamu.

Nyumba ya dola 300,000. Asilimia 10 yake ni 30,000. Sheria ya Illinois inataka mali ihesabiwe kwa theluthi moja ya thamani, na Cook iko kwenye sehemu ya kumi, kwa hiyo jimbo linaizidisha kwa namba inayotangazwa kila mwaka. Kwa kodi ya 2023 kizidishio kilikuwa 3.0163. Unapata 90,489. Hapo sasa ndipo msamaha unapoingia: toa 10,000, zinabaki 80,489. Kiwango cha kodi kikiwa asilimia 7, tuseme kwa mfano, bili ni dola 5,634. Bila msamaha ingekuwa 6,334. Tofauti ni hizo mia saba zako.

Mia saba kila mwaka, kwa fomu isiyokuwa na ada. Nawajua watu wenye digrii mbili ambao hawajaijaza.

Niliomba msamaha mwezi wa pili. Bili ya kwanza ikaja vilevile. Fomu imepotea?

Haijapotea. Kodi ya mwaka huja kwa bili mbili. Ya kwanza ni asilimia 55 ya bili nzima ya mwaka uliopita, haiangalii kitu kingine. Msamaha na rufaa vinaonekana kwenye bili ya pili. Na kumbuka Cook mnalipa nyuma kwa mwaka: bili za 2025 ni kodi ya 2024.

Lazima niwe raia ndipo nipate msamaha?

Hapana. Unaulizwa kama nyumba ni yako na kama unaishi humo.

Tumenunua nyumba miaka mitatu iliyopita, leo ndiyo tunasikia habari za msamaha. Zimetupita?

Si zote. Kuna hati ya kusahihisha makosa inayoombwa katika Ofisi ya Mthamini wa Kaunti, nayo inaweza kurudi miaka mitatu nyuma. Lakini kila mwaka unaoudai, uthibitishe kwamba tarehe 1 Januari nyumba ilikuwa yako na ulikuwa unaishi humo. Bili za umeme, leseni ya udereva yenye anwani ile, vitu kama hivyo. Ombeni wiki hii, maana kila mwaka mpya unaoingia unaufuta mmoja wa zamani.

Na kwa nyinyi mnaotafuta nyumba sasa hivi: dalali atakuonyesha bili ya kodi ya muuzaji, ndogo, ya kupendeza. Mwulize muuzaji ana umri gani. Bibi wa miaka 80 anaweza kuwa na msamaha wa mwenye nyumba, msamaha wa wazee, na uthamini uliogandishwa miaka kumi iliyopita. Akishatoka, vyote vinatoka naye. Nimeona familia ikihesabu malipo ya mwezi kwa bili ya bibi wa watu, mwaka wa pili wakaanza kuuza samani.

Mimi na mume wangu tuna nyumba mbili, moja kwa jina langu na moja kwa jina lake. Kila mmoja achukue msamaha wake, si ndiyo? (Jina limehifadhiwa)

Umefanya vizuri kuhifadhi jina.

Msamaha ni wa makazi makuu, na hayo mnayo mamoja. Nyumba mnayopangisha haina msamaha wa mwenye nyumba, hata ikiwa kwa jina la nani. Kaunti ina kitengo kizima cha kuwatafuta watu wa namna hii. Ukikutwa na msamaha mmoja au miwili isiyo halali, unarudisha kodi yote pamoja na riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Ikifika mitatu au zaidi, inaongezwa faini ya nusu ya kodi uliyoikwepa. Usipolipa, deni linaandikishwa juu ya nyumba yenyewe, na siku ya kuuza litakungojea mezani.

Hili linawahusu pia mnaopangisha nyumba Chicago, mkaenda kukaa Mombasa au Dar mwaka mzima, na msamaha ukaendelea kujihuisha wenyewe. Msamaha wa mwenye nyumba siku hizi hauombwi upya kila mwaka, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukihama, ni juu yako kuwaarifu. "Sikujua" hawaandiki kwenye faili.

Mama yangu ana miaka 67 na anaishi kwangu. Tunapata msamaha wa wazee? (Evanston)

Jina lake limo kwenye hati ya nyumba? Kama halimo, hapana. Mzee anatakiwa awe na haki ya umiliki katika nyumba na aishi humo. Akitimiza hayo na miaka 65, thamani inayotozwa inapungua kwa dola 8,000 nyingine, juu ya zile elfu kumi.

Najua swali linalofuata: "Basi tumwingize mama kwenye hati?" Kwa asilimia 7, elfu nane hizo ni dola 560 kwa mwaka. Upande wa pili wa mizani kuna mirathi, madeni ya mama, msaada wa matibabu wa serikali atakaohitaji baadaye, na ndugu zako wote wenye la kusema. Ongea na wakili kabla hujagusa hati. Nimeshuhudia kaka na dada wakiacha kusalimiana msibani kwa ajili ya jina moja lililoongezwa ili kuokoa kodi.

Kuna na ule wa kugandisha uthamini, kwa wazee wenye kipato kidogo. Kwa miaka mingi ukomo ulikuwa dola 65,000, na yanayohesabiwa ni mapato ya wote wanaoishi ndani ya nyumba, si ya mzee peke yake. Kwako wewe unayefanya kazi mbili, fanya hesabu hiyo kwanza. Tena wengi hudhani bili ndiyo inayoganda. Inayoganda ni thamani. Viwango vikipanda, bili inapanda.

Bili imekuja kubwa mno. Nikate rufaa wapi?

Umechelewa.

Naomba niseme kwa sauti: hugombani na bili, unagombana na uthamini, na uthamini huja miezi mingi kabla. Kaunti ya Cook inathaminiwa upya kwa zamu ya miaka mitatu: jiji la Chicago 2024, vitongoji vya kaskazini 2025, vya kusini na magharibi 2026, kisha zamu inaanza tena. Lakini rufaa unaruhusiwa kila mwaka, si mwaka wa zamu yako tu. Kila eneo lina dirisha lake, takriban siku 30, na tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye barua. Likifungwa kwa Mthamini, kuna Bodi ya Mapitio ya kaunti nayo ina dirisha lake. Baada ya hapo ni bodi ya rufaa ya jimbo au mahakama.

Mimi mwenyewe niliwahi kupitwa. Bahasha niliiweka juu ya friji pamoja na kuponi za dukani, nikasema Jumamosi. Jumamosi hiyo kulikuwa na ubatizo. Nilipoikumbuka, dirisha la Mthamini lilikuwa limefungwa siku mbili zilizopita, na kwenye bahasha pana alama ya kikombe cha chai. Ikabidi nisubiri Bodi. Tangu siku hiyo barua ya kaunti naifungua nikiwa bado nimesimama mlangoni.

Unachotakiwa kupeleka si malalamiko. "Sina kazi", "nina watoto wanne", hayo hayashushi thamani ya nyumba. Peleka nyumba zinazofanana zilizothaminiwa chini ya yako, au bei uliyonunulia hivi karibuni, au kosa katika maelezo ya nyumba yenyewe. Hilo la mwisho watu hawaliangalii kabisa. Shika mkanda wa kupimia. Futi za mraba zilizoandikwa ndizo zilizopo? Bafu ni mangapi? Chumba cha chini kimeandikwa kimemalizika, kina sakafu na kuta, na wewe huko chini una zege tupu na mashine ya kufulia? Piga picha, tuma.

Kuna kampuni imenipigia, wataniombea misamaha na rufaa, nilipe sehemu ya watakachookoa. Nikubali?

Misamaha: kamwe usimlipe mtu. Ni fomu ya bure, na ofisi za kaunti husaidia kuijaza bure. Rufaa ya nyumba ya kawaida ya kuishi: ijaribu mwenyewe kwanza. Una jengo la vyumba kumi na mbili? Hapo wakili ana maana.

Na akikuletea mtu karatasi ya "kuhamisha kwa muda" umiliki ili "kulinda msamaha", mwonyeshe mlango.

Benki ndiyo inalipa kodi kutoka kwenye malipo yangu ya mkopo. Haya mengine yananihusu nini?

Pesa ni za nani? Benki inalipa kilichoandikwa kwenye bili, haikuombei msamaha wala haikukatii rufaa. Bili ikipanda, inakupandishia malipo ya mwezi na kukudai pengo la mwaka uliopita. Halafu siku unayomaliza mkopo benki inaacha kulipa, bili inaanza kuja kwako, na wewe hujazoea kuitafuta. Wazee wetu wawili watatu nusura wapoteze nyumba walizokwisha kuzimaliza, kwa ajili hiyo tu.

Nikishindwa kulipa wanaweza kweli kuchukua nyumba? (Dolton)

Ndiyo. Riba ya kuchelewa Cook ilishushwa, sasa ni asilimia 0.75 kwa mwezi badala ya 1.5. Lakini deni lisipolipwa huuzwa, na aliyelinunua anaweza hatimaye kudai nyumba yenyewe. Mwenye nyumba anayeishi humo huwa na takriban miaka miwili na nusu ya kujikomboa, na gharama zinaongezeka njiani.

Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Geraldine Tyler, bibi wa miaka 94 wa Minneapolis. Alikuwa anadaiwa kama dola 15,000, kaunti ya Hennepin ikauza nyumba yake dola 40,000 na kubaki na zote. Majaji wote tisa walisema serikali haina haki ya kubaki na kinachozidi deni. Hukumu nzuri, lakini bibi hakurudishiwa nyumba. Nenda kwa Mweka Hazina wa Kaunti ukaulize habari za kulipa kidogokidogo ungali na deni la mwaka mmoja. La miaka mitatu ni kesi nyingine.

Niko California. Msamaha wa huko ni kiasi gani?

Dola 7,000 za thamani, na kodi ya msingi ni asilimia 1, kwa hiyo kama dola 70 kwa mwaka. Nafuu yako kubwa iko kwenye sheria ya 1978 inayozuia thamani isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Msamaha wenyewe nao uombe, sabini ni sabini.

Namba ya nyumba yangu kwenye fomu inatakiwa tarakimu 14. Mimi nina nne tu, 6418.

Hiyo ni anwani, ndugu yangu. Namba inayotakiwa iko juu ya bili.