Kabla hujaipeleka sheria mbele ya majaji watatu

Kila mwaka mawakili wapya wanatuletea rasimu ya ombi la kikatiba, yaani ombi la kuitaka Mahakama Kuu itamke kwamba sheria inavunja Katiba ya Tanzania, iliyobeba ibara zote za haki na wajibu, 12 hadi 29, kama mtu aliyenunua soko zima kwa kuogopa kusahau chumvi. Moyo huo tunaupenda. Lakini ombi lenyewe linaanguka kwa pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kulitupa kabla halijasikilizwa, na mteja anarudi nyumbani akiamini Katiba haimtambui. Inaumiza, kwa sababu mara nyingi hoja alikuwa nayo. Basi sikilizeni.

1. Taja ibara moja au mbili zilizovunjwa, taja kifungu cha sheria kinachozivunja, kisha eleza kimevunja vipi. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, kinataka pia majina na anwani za pande zote, maelezo ya matukio bila ushahidi wake, na nafuu unayoomba, yaani unachotaka Mahakama ikupe.

2. Hapa ndipo wengi wanapozama, kwa hiyo tukae kidogo. Kijana anasoma ibara ya 15, anaona haki ya kuwa huru, anafunga Katiba na kuanza kuandika. Hakufika ibara ya 30(2). Hiyo inasema kwamba masharti ya haki "hayaharamishi sheria yoyote iliyotungwa" kwa malengo yaliyoorodheshwa pale: haki za watu wengine, ulinzi, usalama, maadili, afya ya jamii na mengineyo. Mkono mmoja wa Katiba unakupa haki, mwingine unairuhusu Serikali kuibana. Ombi lako lazima liijibu mikono yote miwili. Ukijibu mmoja, wakili wa Serikali atasimama, atasoma 30(2) taratibu, ataketi, na wewe utabaki unapekua makaratasi.

Jibu lipo tangu 1993, kwenye shauri la Kukutia Ole Pumbun, pale Mahakama ya Rufani ilipokifuta kifungu cha 6 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali kilichomtaka mtu apate kibali kwanza ndipo aishtaki Serikali. Sheria inayobana haki inapita kwenye 30(2) kwa masharti mawili. Kwanza isiwe ya kidhalimu, maana yake iwe na vizuizi vya kumzuia mwenye madaraka asiamue apendavyo. Pili isibane kupita kiasi kinachohitajika kufikia lengo halali. Ikikosa hata sharti moja, 30(2) haiiokoi.

Tazama kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kama kilivyosomeka wakati wa mashauri haya. Mwaka 1991, kwenye shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilikibatilisha kifungu cha 148(5)(e), kilichonyima dhamana kwa makosa yenye shambulio kubwa, tishio la vurugu au silaha. Ibara ya 15(2)(a) inaruhusu mtu kunyimwa uhuru "katika hali na kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria". Hali zilikuwepo, utaratibu haukuwepo. Tena maneno yalikuwa mapana kiasi cha kuwanasa hata wasiostahili. Mwaka 2018, shauri la Jeremia Mtobesya, kikaanguka kifungu cha 148(4), kilichosema hivi: Mkurugenzi wa Mashtaka akiandika cheti kwamba usalama au maslahi ya Jamhuri yataathirika, basi hakimu hana la kufanya na mshtakiwa hana pa kusikilizwa.

Vijana wananukuu hayo mawili kwa furaha, halafu wananyamaza. Kuna la tatu. Agosti 2020, shauri la Dickson Sanga, Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu ya Mahakama Kuu iliyokuwa imekibatilisha kifungu cha 148(5), chenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Kifungu kilekile, kilio kilekile cha dhamana, matokeo tofauti. Usipolitaja Sanga mwenyewe na kuonyesha shauri lako linatofautiana wapi, litatajwa na mwenzako wa upande wa pili, na hapo tayari umeshachelewa.

Kwa hiyo kabla hujaandika hata aya moja, chapa kifungu unachokipinga kwenye karatasi peke yake. Pigia mstari neno linalotoa madaraka. Nani anaamua? Kwa kigezo gani kilichoandikwa? Anayeumia anasikilizwa kabla ya uamuzi? Nani anaweza kuupitia uamuzi huo? Mahali utakapokosa jibu ndani ya kifungu, hapo ndipo penye shauri lako. Ukipata majibu yote manne, mwambie mteja ukweli.

3. Sheria huchukuliwa kuwa halali kikatiba mpaka uthibitishe vinginevyo, lakini shauri la Julius Ndyanabo la 2002 linasema anayejificha nyuma ya 30(2) ndiye anayebeba mzigo wa kuithibitisha. Usiubebe mzigo usio wako.

4. Marekebisho ya 2020 yalitaka hati ya kiapo inayoonyesha mwombaji mwenyewe ameathirika kwa kiasi gani. Kuandika "kama raia mwema" hakukutosha. Yalitaka pia uonyeshe kwamba umemaliza njia nyingine zote za kupata nafuu. Kama malalamiko yalikuwa dhidi ya Rais, Waziri Mkuu, Spika au Jaji Mkuu, aliyeshtakiwa alikuwa Mwanasheria Mkuu peke yake. Kabla hujayafuata, hakiki kama bado yanatumika.

5. Nafuu. Ibara ya 30(5) inairuhusu Mahakama, badala ya kuibatilisha sheria papo hapo, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Kwenye shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka tarehe 8 Julai 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa, ni kinyume cha Katiba, ikatoa mwaka mmoja. Serikali ikakata rufaa, na rufaa ikatupwa tarehe 23 Oktoba 2019. Kati ya hukumu na mwisho wa rufaa ilipita zaidi ya miaka mitatu, na mwombaji tayari alikuwa ameshashinda. Mweleze mteja wako hayo siku ya kwanza, kabla hajaapa.